Tawakali ya Mjenzi

Swali la iwapo binadamu anawajibika kwa watu ambao hawajazaliwa ni la kale katika dini na falsafa, lakini ujenzi wa bandari haumruhusu mtu kulikwepa, kwa kuwa gati, yaani ukuta ambako meli hufungwa kupakia na kupakua shehena, hutarajiwa kudumu miaka 50 au zaidi. Bandari ya Tanga, ambayo reli yake hupita Same katika nchi ya Wapare, imechimbwa kutoka kina cha mita 3 hadi mita 13 na kujengewa gati la mita 450. Tathmini ya mwaka 2021 ya jopo la Umoja wa Mataifa la mabadiliko ya tabianchi inakadiria kwamba kufikia mwaka 2100 usawa wa bahari duniani utapanda kwa kati ya mita 0.28 na 1.01, kutegemea wingi wa hewa ukaa. Kwa upana huo wa makadirio, wapo wasemao kuwa ya kesho anayajua Mungu, hivyo yatosha kujenga kwa vipimo vya jana.

Hoja hiyo haisimami, na Wapare waliijibu zamani kwa vitendo. Ndiva, yaani bwawa dogo la udongo na mawe linalokinga maji ya kijito usiku ili asubuhi yafunguliwe kwenda mashambani kwa zamu, ilijengwa na watu wasiojua vuli italeta mvua kiasi gani. Walichojua ni kwamba mvua haitabiriki, ndiyo maana waliweka akiba, wakagawana zamu, wakaitana msaragambo, yaani kazi ya pamoja, kuzoa tope. Kisa cha Yusufu, ambacho Walutheri, Wasabato na Waislamu wa Upare wote wanakisadiki, nacho chaonyesha akiba ikiwekwa katika miaka ya neema.

Hata hivyo, ndiva hurekebishwa kila msimu na kosa lake humrudia aliyelitenda, ilhali kosa la gati huwaangukia wajukuu. Kwa hiyo kutokuwa na hakika hakupunguzi wajibu, bali huuongeza: mjenzi hana budi kupima makadirio ya chini na ya juu, kuweka msingi utakaobeba kimo cha ziada siku kikihitajika, na kuandika sababu za uamuzi wake. Tawakali, yaani kumtegemea Mungu baada ya mtu kutimiza lililo juu yake, huanzia pale vipimo vinapokoma; anayeitanguliza kabla ya kupima huwatwisha wengine gharama ya uzembe wake, na hiyo ni dhuluma.