HARUFU YA MKILUA
Somo: Yohana 12:1–8



Mkilua ni mti mdogo wa misitu ya pwani ya Tanzania na Kenya, jamaa ya mstafeli na mtopetope. Ua lake, kilua, akina mama hulitia katika kikuba na katika sanduku la nguo. Mwaka 1970 mtaalamu wa mimea Bernard Verdcourt alipoupa jina la kitaalamu, alishika lile la Kiswahili: Mkilua fragrans, yaani mkilua unaonukia.

Katika somo letu, Mariamu wa Bethania ampaka Bwana miguu kwa marhamu. Yuda aihesabu thamani yake kuwa dinari 300, karibu ujira wa mwaka mzima wa kibarua. Lakini Yohana ataja jambo ambalo twalipita upesi: harufu ilienea nyumbani mote. Mariamu alimpaka Bwana peke yake, ila hata Yuda aliyenung'unika aliivuta harufu ile.

Basi tujifunze mambo matatu.

Kwanza, harufu haizuiliwi na ua wa nyumba. Panda mkilua karibu na dirisha lako, na jirani atafaidi bila kubisha hodi. Jirani zetu wengi hapa kisiwani ni Waislamu. Hawasikii mahubiri yetu ya Jumapili. Wayaonayo ni maisha yetu. Wanapofiwa, je, twafika mapema? Tunapouziana nazi, je, twahesabu kwa haki? Ziko nyumba za Wakristo ambazo sala ya jioni haikosi, lakini hazijasalimiana na nyumba ya pili tangu siku ya ugomvi wa mpaka wa minazi. Hapo jirani atanusa nini?

Pili, tumepewa bustani tuilime na kuitunza (Mwanzo 2:15). Misitu ya pwani yapungua kwa mashamba, kuni na mkaa. Kwa hiyo usiung'oe mkilua msituni. Tafuta mbegu kwa mwenye mti nyumbani kwake. Mche uupande penye kivuli, kama ulivyozoea chini ya miti mikubwa; tandaza majani makavu shinani, na umwagilie maji wakati wa kiangazi. Kisha ngoja kwa subira.

Tatu, huenda mwenye mkilua ni jirani yule yule usiyesemezana naye. Nenda kamwombe mbegu. Aombaye hujishusha, na mwenye kuombwa hupata nafasi ya kutoa. Mara nyingi ndipo maneno yanapoanza tena. Bwana wetu alituagiza tuiache sadaka mbele ya madhabahu, twende kwanza tukapatane na ndugu (Mathayo 5:23–24). Tufanye hivyo kabla ya kuisogelea Meza yake Jumapili ijayo.

Mungu atujalie nyumba zenye harufu njema kwake na kwa jirani zetu. Amina.

Mwalimu mstaafu,
Miburani, Mafia