Kuuliza Hisabu si Dhana Mbaya

Baada ya darsa yetu hapa Ngara, mmoja wetu alitoa tangazo la serikali ya Kaunti ya Nairobi lililowaita watu watoe maoni juu ya makadirio ya mapato na matumizi. Mzee mmoja, mtu wa pwani aliyehamia huku siku nyingi, akasema: “Mimi siendi. Tumekwisha kuwachagua na kuwaamini. Kwenda kuwauliza fedha ni kuwadhania vibaya, na dhana mbaya tumekatazwa.” Wengi wakamwafiki. Maneno hayo ni ya mtu mcha Mungu, nayo yastahiki kujibiwa kwa adabu.

Kwanza tulijue jambo lenyewe. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 201, yaamuru mambo ya fedha za umma yaendeshwe kwa uwazi, kwa kutoa hisabu na kwa kuwashirikisha wananchi. Sheria ya fedha za umma ya mwaka 2012 ikaweka miadi: makadirio yafikishwe kwenye Bunge la Kaunti kabla ya kwisha Aprili, na mwaka mpya wa fedha huanza Julai 1. Tena yataka kila kaunti iwe na baraza la bajeti na uchumi, ambamo wakuu wa serikali hukaa na idadi iliyo sawa ya watu wasio wa serikali, waliopendekezwa na vyama vya wafanyi biashara, wafanyi kazi, wanawake, walemavu, wazee na jumuiya za dini. Basi kuuliza si fadhili tuliyoiomba. Ni haki iliyoandikwa, Nairobi kama Mombasa, Lamu kama Kwale.

Ama dhana mbaya, ni kumhukumu mtu moyoni pasina ushahidi. Na ushahidi unapofichwa ndipo dhana inapozaliwa. Barabara ikibaki na mashimo, mitaro ikafurika kila masika, na hapana ajuaye ni kiasi gani kilichotengwa wala kilichotumika, kila mtu barazani husema lake. Hisabu ikiwekwa wazi, mwaminifu husafika na mkhaini hujulikana. Kwa hivyo mwenye kuuliza ndiye aiondoaye dhana. Na mwenye kunyamaza mkutanoni kisha akasengenya nyumbani ndiye aifugaye.

Tukumbuke habari ya Ibn al-Lutbiyya, iliyopokewa na Bukhari na Muslim. Mtume (S.A.W.) alimtuma kukusanya zaka za Banu Sulaym. Aliporudi alihisabiwa, ikadhihiri kuwa amejiwekea kitu akisema kuwa ni zawadi aliyopewa, na Mtume akasimama mimbarini kulikemea jambo hilo mbele ya watu. Ikiwa aliyetumwa na Mtume mwenyewe alihisabiwa, ni gavana gani au diwani gani aliye juu ya hisabu?

Mzee wetu alisikiliza, kisha akauliza: “Haya, na hicho kitabu cha bajeti nani atanisomea?” Swali hilo lilitunyamazisha, kwani ni la haki. Kitabu chenyewe ni kinene, kimejaa tarakimu, na aghalabu kimeandikwa kwa Kiingereza. Katiba hiyo hiyo imeifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Mtawala atoaye hisabu kwa namna ambayo mwenye mali haifahamu hajatoa hisabu. Ametimiza ada tu. Yatupasa kudai mukhtasari wa Kiswahili, uonyeshao kata kwa kata ni kazi gani itakayofanywa, kwa fedha ngapi, na ya mwaka uliopita iliishia wapi.

Lakini tusidai kwa wengine tusilolifanya sisi. Ni misikiti mingapi na madrasa ngapi zetu hubandika mlangoni hisabu za sadaka na za wakfu? Kamati yetu ikiulizwa hukasirika, nasi twamlaumu aliyeuliza. Aliyezoea kutouliza msikitini hawezi kuuliza barazani kwa serikali.

Tumeazimia basi mambo mawili: kubandika hisabu za darsa hii, zijapokuwa ndogo; na kuzisoma pamoja, kwa Kiswahili, kurasa za bajeti zihusuzo kata ya Ngara kabla ya mkutano. Nanyi ndugu zetu wa pwani, fanyeni mfano wa hayo. Amana haihifadhiwi na aliyekabidhiwa peke yake. Na mwenyewe pia ana wajibu wa kuiangalia.