Miaka 2 au Miaka 70?

Soma Yeremia 28:1–4 na 29:4–14. Hanania aliahidi nini juu ya mateka wa Babeli? Ujumbe wa Yeremia ulitofautianaje na wake?

Hanania alitangaza kwamba nira ya Babeli ingevunjwa, na mateka kurudi, ndani ya miaka 2. Ujumbe huo ulipendeza, lakini haukutoka kwa Bwana. Barua ya Yeremia ilitaja miaka 70. Maana yake, wengi wa watu wazima walioipokea wangefia ugenini. Hata hivyo, ni hao hao walioambiwa kwamba Mungu anawawazia mema (fungu la 11).

Wangojeje basi? Wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto wao, na kuuombea amani mji uliowashikilia. Kungoja kwa imani si kukunja mikono. Miaka mingi baadaye Danieli, akiwa mzee, alisoma maneno ya Yeremia, akafunga na kuomba (Dan. 9:2, 3).

Je, kuna jambo unalomwomba Mungu ambalo huenda usilione likitimia maishani mwako? Unaweza kupanda nini leo kwa ajili ya wale watakaolivuna?