Baiskeli ya mbio kwenye barabara ya wabeba mikate

Jua linapochomoza, Jogoo Road huwa tayari imejaa baiskeli. Ni zile Black Mamba nyeusi zenye karia pana nyuma, zimepakiwa kreti za mikate, mitungi ya maji, magunia ya mboga kutoka Muthurwa. Kuna walinzi wanaorudi nyumbani baada ya zamu ya usiku, na vibarua wanaokimbilia geti za Viwandani kabla hazijafungwa. Wote hao wako safarini kutafuta riziki. Ndiyo maana mtu mzima wa kwetu Mbotela, Nairobi, anapoingia mtaani na baiskeli ya mbio, nyembamba, usukani umepinda kama pembe za kondoo dume, watu hawaanzi kwa kumuuliza bei. Wanamuuliza inamletea nini.

Mama mmoja wa genge karibu na kwetu aliniuliza waziwazi: "Na hii haina karia, baba. Mzigo utaweka wapi?"

Swali lake nimelibeba tangu siku hiyo, na nadhani linastahili jibu la heshima. Katika mitaa yetu baiskeli imekuwa chombo cha kazi tangu enzi za babu zetu waliofanya kazi reli na halmashauri ya jiji. Ilipimwa kwa nauli iliyookoa na kilo ilizobeba. Lakini mtaa huuhuu haujawahi kumuuliza beki wa timu ya Jumapili pale uwanja wa Camp Toyoyo analipwa ngapi. Tunamshangilia, tunamkemea akikosa mpira, kisha anarudi Jumatatu kwenye karakana yake. Tunaelewa kwamba mtu aliyetumikia wiki nzima anahitaji jambo moja analolifanya kwa mapenzi tu. Nami naamini baiskeli inaweza kukaa mahali hapo. Anayeingia mchezo huu hana haja ya kuomba radhi. Ana haja ya kuchagua vizuri.

Tatizo ni kwamba wengi wetu huchagua kwa macho ya wengine. Baiskeli nyingi za mbio zinazouzwa Nairobi ni mitumba kutoka Ulaya, na kijana akiona fremu ya kaboni inayong'aa, nyepesi ya kuinuliwa kwa vidole viwili, haoni kitu kingine. Haulizi kama inamtosha. Anajiona tayari akipita mbele ya maduka.

Fundi anayetengenezea baiskeli chini ya mti, si mbali na kwetu, huwa hasemi neno mteja wa namna hiyo anapomletea mali aikague. Anaigeuza juu chini. Anazungusha gurudumu na kutazama kama rimu inayumba. Anavuta mnyororo kwenye meno ya mbele aone umelegea kiasi gani, kwa sababu mnyororo uliochakaa huwa tayari umekula meno, na kubadilisha vyote viwili si pesa kidogo. Kisha anachukua sarafu na kugonga fremu polepole, bomba moja baada ya jingine, akisikiliza. Kaboni iliyopasuka ndani hutoa sauti butu, na ufa wenyewe pengine umefunikwa na rangi mpya. Fremu ya chuma huchomelewa na mtu yeyote mwenye mashine ya kuchomelea na mkono mzuri. Kaboni ikivunjika hapa Mbotela, utaitundika ukutani.

"Mzee, kwa hiyo nisinunue kaboni?" nilimuuliza.

"Nunua unachotaka, kijana wangu. Lakini kabla hujalipa, jiulize: ikiniharibikia Tala Jumapili mchana, nani atanitengenezea?"

Sijasikia kipimo bora kuliko hicho, na nimekitumia kwa karibu kila kifaa. Breki za waya zinapatikana kijijini. Za mafuta zinahitaji vifaa ambavyo fundi wa kando ya barabara hana. Gia nane au tisa za nyuma zinazotumia vipuri vya kawaida zitakuhudumia miaka, ilhali mfumo wa kisasa zaidi utakufanya usubiri kipuri wiki kadhaa huku miguu ikipoteza nguvu uliyoichuma. Tairi nyembamba za milimita 23 zilikuwa fahari ya wanambio zamani. Siku hizi hata wataalamu wa Tour de France hutumia 28 na zaidi. Kwa barabara zetu zenye viraka, mashimo na vipande vya chupa, tafuta fremu inayoweza kupokea 28, au 32 ikiwezekana. Tairi pana hujazwa upepo wa shinikizo dogo kuliko nyembamba, hairuki kila inapogusa kokoto, na mikono yako itakushukuru.

Lakini kabla ya hayo yote, anza na ukubwa wa fremu, maana kiti, pedali na tairi hubadilishwa, fremu haibadilishwi. Simama ukiwa umeipitisha katikati ya miguu, nyayo zote chini: bomba la juu lisikuguse. Keti, shika breki, uone kama viwiko vinabaki vimekunjika kidogo. Mtu wa urefu wa mita 1.75 mara nyingi huangukia fremu ya sentimita 54 au karibu na hapo, ingawa watengenezaji hutofautiana. Fremu kubwa kupita kiasi itakuumiza shingo, mgongo na viganja, nawe utadhani mwili wako haukuumbwa kwa mchezo huu. Nimeona watu wenye mioyo mikubwa wakiacha kuendesha kwa sababu hiyo tu, na huwa inaniuma.

Halafu fikiria milima. Nairobi yenyewe iko mwinuko wa takriban mita 1,700, na Limuru unapanda kupita 2,200. Magadi ni kinyume chake: safari ya zaidi ya kilomita 100 inakushusha hadi kwenye joto la ziwa, kisha Kona Baridi inakungoja wakati wa kurudi. Baiskeli kuukuu za mashindano nyingi zina meno 53 na 39 mbele, kipimo cha mapaja ya mtu anayelipwa kuendesha. Tafuta 50 na 34, na nyuma gia kubwa iwe na meno 28 au 32. Hakuna aibu katika gia nyepesi. Magoti uliyo nayo ni yaleyale utakayokwenda nayo uzeeni.

Mchezo wenyewe sikuujua mpaka nilipoendesha na wengine. Jumapili alfajiri vikundi vya Eastlands hukutana na kushika barabara ya Outering, kisha Kangundo Road kuelekea Ruai na kwingineko. Aliye mbele anapiga kelele "shimo!" na kuonyesha kwa mkono, aliye nyuma anapokea na kupitisha. Upepo unamchosha wa mbele, na anayemfuata kwa ukaribu anapunguziwa kazi kwa sehemu kubwa, kwa hiyo mwenye nguvu hukaa mbele muda mrefu na mgeni hufichwa katikati. Hapo hapana anayetazama kaboni yako. Wanatazama kama unanyoosha mstari wako, kama unapeana maji, kama umebaki na mwenzako aliyepata pancha.

David Kinjah aliufanya mchezo huu kuwa hivyo kwa vijana wengi pale Mai-a-Ihii, Kikuyu. Nahodha huyo wa zamani wa timu ya taifa aliifungua nyumba yake ikawa makao ya Safari Simbaz, ambapo vijana hujifunza kuendesha baiskeli na kuitengeneza. Mmoja wa waliopita mikononi mwake ni Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, aliyeiendeshea Kenya katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Melbourne mwaka 2006 kabla ya kuanza kuiendeshea Uingereza na kushinda Tour de France mara nne, 2013, 2015, 2016 na 2017. Watu hupenda kumtaja Froome. Mimi hupenda zaidi kumtaja Kinjah, aliyebaki na spana mkononi akingoja mtoto mwingine. Na namtaja Suleiman Kangangi, aliyemaliza wa 3 katika Tour du Rwanda mwaka 2017 na kuongoza Team Amani kwa nia ya kuwafungulia njia waendeshaji wa Afrika Mashariki, hadi alipofariki mashindanoni Vermont, Marekani, Agosti 2022. Septemba 2025, Kigali ilipoandaa mashindano ya dunia ya mbio za barabarani, ya kwanza kufanyika Afrika, nilitazama umati uliojipanga kwenye vilima vya jiji lile nikasikitika kwamba Kangangi hayupo kuuona.

Sasa nirudi kwa yule mama wa genge, kwa sababu swali lake lina upande wa pili. Baiskeli yangu ina kilo 10, ya mbeba mikate ina kilo 20 hivi kabla ya mzigo, nayo ina gia moja tu. Kwenye kilima cha Kangundo Road tunampita tukihema, naye anakanyaga amesimama, mikate ya watoto wa Ruai nyuma yake. Sisi tuna kofia ngumu, taa na wenzetu wa kutuzunguka. Matatu inapotubana ukingoni, sote tunaanguka kwenye mtaro uleule.

Hapo nakumbuka kwamba mtaa wetu una jina la Tom Mbotela, mwanasiasa aliyeuawa Novemba 1952, wiki chache baada ya hali ya hatari kutangazwa. Katika ukoo wake alitoka mtangazaji Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki Februari 2025, ambaye kwa miongo mingi aliliuliza taifa redioni, Je, Huu ni Ungwana? Nami nauliza swali hilohilo juu ya dereva anayempigia honi mzee mwenye mzigo wa makaa, na juu yetu wenye baiskeli za mbio tunaompita mzee huyo bila salamu. Kikundi ninachoendesha nacho kina desturi ninayoipenda: kila mwenye Black Mamba husalimiwa na wa kwanza hadi wa mwisho, na akiwa amekwama, pampu na viraka vyetu ni vyake.

Lakini salamu haitoshi. Sisi tunaoendesha kwa mapenzi tuna nafasi ambayo mbeba mikate hana: muda wa kuhudhuria mikutano ya wadi na kuandika barua. Sera ya kaunti ya Nairobi ya mwaka 2015 kuhusu wanaotembea na kuendesha baiskeli iliahidi asilimia 20 ya bajeti ya ujenzi wa barabara itengewe njia zao. Outering ina njia hizo sehemu ndefu, ingawa vibanda na bodaboda zimezivamia. Tunaotoka Mbotela tunataka ahadi hiyo ifike kwenye barabara yetu pia, na diwani atakayekuja kuomba kura ajiandae kuulizwa njia ya baiskeli ya Jogoo Road inaanza lini.