Saada na Mkate wa Wishwa

Shujaa Fumo Liyongo yumo kifungoni Pate kwa amri ya sultani, na kila siku mama yake humpelekea chakula. Kizuri walinzi hukila wao, kiduni humwachia yeye. Ndipo anapoimba, na ndani ya wimbo mna agizo: mama afanye mkate wa wishwa, katikati atie tupa. Anayeusikia wimbo huo, akaushika kichwani, akaufikisha, kisha akarudi na mkate mbele ya walinzi walewale, ni kijakazi aitwaye Saada. Muhammad Kijumwa, katika utenzi wake wa mwaka 1913, hakai naye sana. Mkate ukishafika, habari za Saada zimekwisha.

Najiuliza udogo huu umetoka wapi. Ikiwa mhusika mdogo ni yule ambaye kisa kingekwenda hata bila yeye, basi Saada ni mkubwa kuliko sultani. Angesahau maneno, au angemnong'oneza mlinzi mmoja tu, Liyongo asingekata pingu huku ngoma ya gungu ikirindima, wala asingeishi hata mwanawe wa kumzaa aje amchome sindano ya shaba kitovuni. Udogo wake, basi, amepewa na msimulizi. Wakubwa huulizwa wanawaza nini. Saada aliulizwa amebeba nini.

Mwaka 1966 mwandishi wa tamthilia Tom Stoppard aliwatoa Rosencrantz na Guildenstern pembezoni mwa tamthilia ya Hamlet akawaweka katikati ya jukwaa. Nao ni watu wa kutumwa, na uchungu wao ni kutoelewa wameingizwa katika jambo gani. Saada alielewa. Agizo la tupa lilipita kinywani mwake.

Hapo ndipo mwandishi hushawishika kumfanya shujaa aliyefichwa, ampe hotuba juu ya uhuru. Mimi naona huko ni kumtuma mara ya pili. Ugomvi wa Liyongo na sultani ulikuwa wa waungwana; yeyote ambaye angeshinda, Saada angeamka kesho yake kijakazi vilevile. Je, alimpenda Liyongo? Alimwogopa bibi yake? Alifurahi kuwapumbaza walinzi? Tendo lenyewe halisemi. Mtumwa aliyeridhia na mtumwa asiyeweza kukataa huleta mkate uleule, na macho ya nje hayawezi kuwatofautisha. Kwangu mimi hii ndiyo sababu nzito ya kukirudia kisa kwa sauti yake: kuna ukweli wa nia ambao utenzi, ukimtazama kutoka juu, haukuweza kuuona.

Halafu kuna kisima. Akishachomwa na mwanawe, Liyongo anafia hapo, amepiga goti, mshale u upindeni, na mji mzima unadhani yu hai. Hakuna anayethubutu kuteka maji. Sisi tumefundishwa kuuona utukufu wa shujaa anayetisha hata akiwa maiti, na mama yake akija kumsihi mwanawe. Lakini katika nyumba za waungwana maji yaliletwa na vijakazi. Kabla ya wakubwa kukutana na kushauriana, kuna mwanamke aliyeambiwa achukue mtungi aende.

Atakayekiandika upya kisa hiki na amfuate mwanamke huyo. Amwonyeshe kiu yake na woga wake, na amwachie haki ya kutomlilia Liyongo.