Grisi Kabla ya Kuzama



Pikipiki yangu imelala masika yote. Ilikuwa ikitoa moshi wa bluu na kula oili, na sababu niliijua: nilipitiliza muda wa kubadilisha oili zaidi ya mara moja, nikijiambia kwamba waumini wa kule Kalinzi wananisubiri. Utelezi ulipozidi kwenye vilima, niliisukuma hadi kwa fundi, hapa Mwanga, akaifungua injini.

Alinikabidhi pistoni mkononi. Ubavuni ilikuwa na michirizi mirefu, kana kwamba imekwaruzwa na msumari. Kisha akakishika kidole changu akakipitisha ndani ya silinda, na karibu na juu nikagusa kingo ndogo, pale ringi zilipokuwa zikiishia kila zikipanda. Chini ya kingo hiyo chuma kilikuwa kimelika. "Hii si duara tena, Mchungaji," akasema. "Tutaichonga nusu milimita, tuweke pistoni ya ovasaizi."

Pistoni hiyo ilibidi iagizwe Dar es Salaam. Nilidhani sasa atavisogeza vyuma kando aendelee na kazi nyingine. Hakufanya hivyo. Alikaa chini, akakifuta kila kipande, akakipaka grisi mpaka kwenye matundu ya bolti, akakifunga kwa nailoni na kukipandisha rafu ya juu, mbali na unyevu. Ilimchukua karibu saa nzima. Nikamuuliza kwa nini ajisumbue hivyo kwa vitu ambavyo kwa sasa havina kazi. Akanyoosha mkono kuelekea bandarini: "Muulize Liemba."

Sisi wa Kigoma tumeizoea mno meli ile, hata hatuishangai tena. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikafungwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikaja kwa bahari na kwa reli hadi hapa, ikaunganishwa upya na kushushwa ziwani mwaka 1915 kwa jina la Graf von Goetzen. Julai 1916, majeshi ya Ubelgiji yakikaribia, Wajerumani waliizamisha wenyewe karibu na mdomo wa Mto Malagarasi. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi wake walizipaka injini grisi nene. Wabelgiji waliiinua, ikazama tena. Waingereza wakaiinua mwaka 1924, na injini zile zile zilizolala majini zikafufuka kwa mvuke. Mwaka 1927 ilirudi safarini ikiwa na jina jipya, Liemba, na ikaendelea kwa mvuke hadi miaka ya 1970 ilipofungwa injini za dizeli. Fikirini wale mafundi. Wamepewa amri ya kuzamisha, maadui wako njiani, muda hakuna. Nao wanapaka grisi. Mtu hapaki grisi kitu alichokikatia tamaa.

Tangu siku ile nimekuwa nikilifikiria kanisa letu. Sisi nasi tunao watu tuliowaweka kando. Sisemi tulikosea kuwaweka. Nidhamu ni ya lazima, na injini inayoharibika ikiendelea kukimbizwa itavunjika kabisa. Swali langu ni jinsi tulivyowaweka. Yupo kijana wa kwaya tuliyemsimamisha mwaka jana. Barua yake niliisaini mimi. Ndani yake mna kosa lake na tarehe ya kuanza adhabu. Hamna jina la mzee wa kanisa wa kumtembelea, wala siku ya kukaa naye tena. Tulikiacha chuma kikavu nje, msimu wa mvua, na sasa tunasikitika kwamba kimeota kutu: haji ibadani, simu zetu hapokei.

Someni sura ya pili ya Waraka wa Pili kwa Wakorintho. Paulo analiambia kanisa kwamba adhabu aliyopewa mtu mmoja aliyekosa inatosha. Sasa wamsamehe, wamfariji, huzuni isije ikammaliza. Kwa Paulo, aliyeadhibiwa bado ni mtu wao, na faraja yake ni kazi yao.

Kuna jambo jingine nililolipata kwa fundi. Silinda ikishachongwa hairudi saizi yake ya kwanza, na pistoni ya zamani haiwezi kuitumikia. Tunapompokea mtu aliyeanguka, mara nyingi tunamtaka awe yule yule wa zamani, akae kiti kile kile, acheke kama zamani. Huyo hayupo tena. Amechongwa na mateso, ana nafasi kubwa zaidi ndani yake, na huenda anaweza kubeba huzuni za watu ambazo zamani zingempita.

Wala tusikimbilie upande wa pili. Vijana wa bodaboda humjia fundi wakitaka injini ya cc 125 igeuzwe ya cc 150, kipenyo cha silinda kitoke milimita 56.5 kifike 62, leo hii, na kesho wapakie magunia. Nasi hufanya hivyo hivyo: mtu ametubu Jumapili hii, Jumapili ijayo tumempa mimbari ashuhudie. Mimi fundi amenipa masharti: kilomita 500 za kwanza mwendo wa taratibu, bila abiria, kisha nimletee amwage oili na kuangalia kama ina unga wa chuma.

Pistoni imefika juzi kwa basi. Jumamosi, baada ya mazoezi ya kwaya, nitashuka kwa miguu hadi Kibirizi, nyumbani kwa kijana yule. Sitakwenda na barua. Naomba wazee wawili wafuatane nami, na mama mmoja wa kwaya ambaye alimpenda tangu akiwa mdogo. Tukutane saa kumi, nje ya kanisa.