Nani Amuuguzaye Mgonjwa?

Sisi tufundishao Kiswahili hapa Hima, katika Wilaya ya Kasese, twapenda kuwatega wanafunzi wetu kwa kitenzi kimoja. Twawaambia kwamba kuingia huzaa kuingiza, yaani kumfanya mtu aingie. Na kupotea huzaa kupoteza, yaani kumfanya apotee. Kisha twawauliza: kuugua huzaa nini? Mwanafunzi mwepesi hujibu mara moja kwamba huzaa kuuguza, yaani kumfanya mtu augue. Darasa zima huangua kicheko, naye husahihishwa. Kuuguza ni kumtunza aliye mgonjwa. Mama akeshaye kando ya kitanda cha mwanawe anauguza, na yule aliyeisomea kazi hiyo huitwa muuguzi.

Jambo hilo liliturudia moyoni jioni moja tulipokuwa dukani, kando ya barabara itokayo Fort Portal kwenda Kasese. Watu walikuwa wakibishana juu ya migomo ya watumishi wa hospitali. Mama mmoja muuza ndizi alisema kwamba mganga aliyekula kiapo hana ruhusa ya kuweka chini kazi yake, kwa maana ugonjwa haungojei mazungumzo. Kijana mmoja wa kiwanda cha saruji akamjibu, "Mama, kiapo hakinunui unga. Mimi nikikosa glavu sigusi mashine. Kwa nini muuguzi aguse damu kwa mikono mitupu?" Ndipo mzee mmoja aliponyoosha mkono akasema, "Wanangu, yaacheni hayo. Hiyo ni siasa, nasi si wanasiasa." Mazungumzo yakakoma, kila mtu akashika njia yake.

Tangu jioni ile tumeyapima maneno hayo matatu, na haya ndiyo tuliyoyaona.

Neno la mama lina uzito. Novemba 2017 madaktari wa Uganda waligoma kwa muda wa wiki tatu hivi, wakidai mishahara bora, pamoja na dawa na vifaa vya kazi. Madai yao yalikuwa ya haki, lakini aliyekuja na maumivu usiku hakuwa yeye aliyepanga mishahara. Kumwadhibu mtu kwa kosa la mwingine ni jambo ambalo dhamiri hailipokei kwa urahisi, hata kama kosa lenyewe ni la kweli.

Neno la kijana nalo lina uzito. Ibara ya 40 ya Katiba ya Uganda ya 1995 yampa mfanyakazi haki ya kuzuia nguvu zake za kazi kwa kufuata sheria. Walimu wenzetu wajua kwamba mtumwa na mtumishi ni watoto wa kitenzi kimoja, kutuma. Tofauti yao ni kwamba mtumwa hutumwa asiulizwe, na mtumishi hukubali kazi kwa masharti. Anayesema kwamba muuguzi hana haki kamwe ya kukataa kazi, hata anyimwe ujira na kinga, amemrudisha kwenye utumwa bila kujua. Kwa maoni yetu, mtumishi wa hospitali aweza kugoma, ila baada ya kutoa taarifa, na baada ya kuhakikisha kuwa wako waliobaki kumhudumia mzazi aliye katika uchungu na majeruhi aliyeletwa sasa hivi. Kazi yaweza kusimamishwa. Mtu aliye hatarini hawezi kuachwa.

Limebaki neno la mzee, nalo ndilo lililotusumbua zaidi, kwa kuwa ndilo lililofunga vinywa. Je, ni kweli kwamba haya ni mambo ya siasa yasiyotuhusu?

Hebu tutazame wilaya yetu wenyewe. Juni 2019 mtoto mmoja aliyetoka Kongo alifikishwa katika hospitali ya Kagando. Watumishi wa pale walishuku Ebola, naye akapelekwa katika kituo maalumu cha matibabu huko Bwera. Mtoto yule alifariki, lakini ugonjwa haukuenea katika nchi yetu. Watumishi wale walikuwa na moyo wa kazi, lakini haukuwa moyo peke yake. Tangu Novemba 2018 watumishi wa afya wa sehemu za mpakani walikuwa wameanza kuchanjwa, na kituo kilikuwa kimetayarishwa kabla ya hatari kuingia. Kiapo kilikutana na vifaa.

Sasa tutazame Kilembe. Mto Nyamwamba ulifurika Mei 2013 ukaiharibu hospitali iliyojengwa zamani za mgodi wa shaba. Ukafurika tena Mei 2020, na wagonjwa wakalazimika kuhamishwa. Hakuna muuguzi, awe mwema namna gani, awezaye kuuzuia mto kwa viganja vyake. Kuimarisha kingo za mto, kujenga daraja, kuchagua mahali pa kuweka wodi, haya yote huamuliwa na wale wanaogawa fedha za umma. Kama hiyo ni siasa, basi siasa imo ndani ya wodi, imeketi juu ya kitanda cha mgonjwa.

Hata mahakama imewahi kulikabili swali hili. Mwaka 2011 lilipelekwa shauri mbele ya Mahakama ya Katiba ya Uganda juu ya akina mama waliofariki wakijifungua katika hospitali za serikali. Mwaka 2012 mahakama hiyo ilikataa kulisikiliza, ikisema kwamba ni suala la siasa. Ilisema, kwa ufupi, kama alivyosema mzee wetu. Lakini mwaka 2015 Mahakama ya Juu iliamuru lisikilizwe, na Agosti 2020 Mahakama ya Katiba iliamua kwamba serikali, kwa kutotoa ipasavyo huduma za msingi za uzazi, ilikuwa imevunja Katiba. Mlango uliofungwa kwa neno "siasa" ukafunguliwa kwa neno "haki".

Wahenga walisema kwamba wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi. Mara nyingi twaitumia methali hii kuwasikitikia wagonjwa wakati wa migomo. Yafaa tuitumie kwa uangalifu. Nyasi hazina ulimi, wala hazimchagui fahali. Sisi tunao ulimi, na tunachagua. Lawama zetu humwangukia muuguzi kwa sababu ndiye tumwonaye dirishani, naye aliyechelewesha dawa au kuliacha daraja libomoke hatumwoni. Tukiishia kwa yule tumwonaye, tutakuwa tumeonea mmoja na kumsamehe mwingine.

Walimu wenzetu, tunapendekeza swali hili liwe mada ya mjadala madarasani: nani amuuguzaye mgonjwa? Wanafunzi watamtaja muuguzi, watamtaja mama aletaye uji na kufua nguo. Wasaidieni wamtaje pia diwani, mbunge, waziri na mpiga kura. Na mwanafunzi mwepesi akisema tena kwamba kuuguza ni kumfanya mtu augue, msiharakishe kumcheka. Mwenye dhamana ya kumtunza mgonjwa, akiitupa dhamana hiyo, huuguza kwa maana ile ile aliyoitaja mtoto.